Mashine Iliyopiga Chafya

Ukitoka Eldoret mjini kwa barabara ya Malaba, pale Maili Nne palikuwa na banda la mabati lililokuwa jeupe ndani na nje kwa vumbi la unga. Mwenye banda alikuwa Jemutai, ila watu walimwita Mama Jepkemboi kwa jina la binti yake wa pekee. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mizito na ulimi usiobembeleza mtu, na ukitaka kugombana naye hukuhitaji kutafuta sababu kubwa. Ungemwita tu mjane.

Mumewe, Kiprotich, alikuwa dereva wa lori. Mwaka ule wa vita vya Uganda alipakia chumvi, akapita hapo hapo Maili Nne akipiga honi kwa madaha, akaenda zake Kampala. Lori halikurudi, chumvi haikurudi, na yeye hakurudi. Mwenye lori alingoja kidogo, akanunua lori lingine. Jemutai hakujua mume mwingine angenunuliwa wapi, na hata angejua asingemtaka. Kila aliyemuuliza habari za mzee wa nyumba alijibiwa kwa maneno mawili makavu: "Yuko safari."

Safari gani ya miaka sita? Watu waliulizana hivyo, lakini kwa sauti ya chini. Hiyo ilikuwa themanini na tano, enzi za Nyayo, na wananchi walikuwa wameshazoea kuulizana mambo kwa sauti ya chini. Hata pole hakuna aliyethubutu kumpa. Utampaje pole mtu ambaye mumewe yuko safari?

Kabla ya kufungua banda Jemutai aliuza maziwa, akauza maharagwe, akalima shamba la kukodi, akaweka akiba kimya kimya mpaka akaweza kununua injini kuukuu ya dizeli kutoka kwa mkulima mmoja wa Soy aliyekuwa anastaafu. Ilikuwa injini ya kijani, yenye gurudumu kubwa la chuma ubavuni na hendeli ya kuzungusha kwa mkono, na kwa muda mrefu ilikuwa imelaliwa na kuku. Aliifunga na kinu, akapiga banda la mabati, akawa na mashine ya posho. Na kabla hata haijasaga punje moja alikuwa ameshaitafutia kazi. Alifunga safari hadi Plateau, kwenye hospitali ya misheni, akamwona msimamizi wa jiko, akamwonyesha mfano wa mahindi yake, akaongea mpaka yule bwana akakubali kununua unga kwake kila wiki.

"Kazi tutakupatia, Mama," msimamizi alimwambia. "Lakini sisi hatuwezi kulipa biashara haina namba ya kodi ya mapato. Leta namba, tuanze."

Jemutai alirudi akiimba. Unga wa hospitali ungemweka Jepkemboi shuleni mpaka amalize. Bila huo unga, injini ingerudi kulaliwa na kuku. Kwake lilikuwa jambo la kufa kupona, na njia yote ilipita kwenye hiyo namba.

Basi siku ya kuiwasha mashine walikuwa watu watatu bandani. Jemutai mwenyewe, shangazi yake, Jeruto, ambaye yeye alimwita Senge kama tunavyowaita dada za baba zetu, na fundi, Isaiah Obiero. Obiero alikuwa mtu wa kutoka Ziwani, aliyeletwa Eldoret na kazi ya reli na kubakishwa na kazi ya injini. Alikuwa Msabato wa kweli, na hakupenda mzaha karibu na mashine. Alikuwa ameifungua yote, ameiosha, ameifunga. Akashika hendeli, akazungusha. Injini ikakohoa kikavu, ikanyamaza. Akazungusha tena mpaka shati likamganda mgongoni. Kimya.

Senge Jeruto alikuwa amekaa juu ya gunia akivuta ugoro wake. Kikongwe huyu hangeweza kukaa mahali bila kuchokoza watu.

"Nyinyi mnasumbuka bure," akasema. "Huyu mtoto hajaitwa jina."

Jemutai akacheka. Kwao, mtoto akizaliwa, wanawake hukaa na kumwitia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya lingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake, kwa maana yule marehemu ameitika na amekubali kurudi nyumbani. Ugoro kidogo karibu na pua humsaidia mtoto asichelewe. Senge akainuka kwa mikogo, akachukua ugoro kwa kucha, akaupuliza kwenye tundu ambalo injini huvutia hewa.

"Mama, hapana!" Obiero akaruka. "Hiyo tumbako itaharibu mashine."

"Wewe zungusha tu," Senge akamwambia. Akaanza kuita kwa sauti ya kuimba, kama anavyoitiwa mtoto. "Tapkigen!" Obiero akazungusha huku amenuna. Kimya. "Tabarno!" Kimya. "Kimaiyo, wewe mwizi wa asali, ni wewe?" Kimya. Aliwamaliza wafu wote aliowajua, na injini ilikaa tu pale, baridi. Jemutai alikuwa amecheka mpaka machozi, kisha kicheko kikamwishia, kwa sababu aliona pesa zake zote zimekaa pale mbele yake zikimtazama. Akashika tama.

"Ah," akasema, bila kumlenga mtu. "Kiprotich angekuwa hapa…"

Injini ikapiga chafya.

Ikapiga tena, na ya tatu. Kisha gurudumu likaanza kuzunguka, na mashine ikanguruma ikatikisa mabati. Obiero alikuwa bado ameshika hendeli hewani, na yeye ndiye aliyejua kwamba wakati ule hakuwa ameizungusha.

Senge alivua kitambaa chake kichwani polepole, kama wanawake wanavyofanya wakifika kwenye matanga. Jemutai alimwona, akamwelewa. Majina yanayoitwa siku ile ni ya wafu peke yake. Hakuna mtu hata mmoja, tangu dunia iwe dunia, aliyewahi kuita jina la mtu aliye hai.

"Ilikuwa na hewa kwa bomba," Obiero akasema, sauti imempanda. "Hewa imetoka. Ni hivyo tu."

"Ni hewa," Jemutai akasema.

"Vaa kitambaa chako, Senge," akaongeza kwa ukali. "Hapa hakuna matanga."

Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakuwaambia. Kiprotich, tangu ujana wake, hakuweza kukaa penye vumbi. Akiingia tu jikoni wakati mkewe anachekecha unga, alikuwa akipiga chafya tatu mfululizo, ya mwisho ndefu yenye mkia, na yeye Jemutai alikuwa akimtania kwamba atakuja kuangusha nyumba. Chafya ya mwisho ya injini ilikuwa na mkia.

Asubuhi iliyofuata injini ilikataa. Obiero aliangalia dizeli, akaangalia bomba, akatoa hewa ambayo haikuwamo. Wateja walikuwa wamepanga foleni na madebe yao ya mahindi. Mwishowe Senge, kutoka juu ya gunia lake, akasema polepole, "Kiprotich." Chafya tatu, na mashine ikanguruma. Siku iliyofuata hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Ilikuwa haiamki mpaka litajwe jina hilo. Obiero alikasirika kama mtu aliyetukanwa kanisani. Akasema atafika asubuhi mapema peke yake, aiwashe kifundi, watu waache mambo ya giza. Jemutai alipofika aliikuta inanguruma, na Obiero amesimama kando anajipangusa jasho.

"Umeona?" akamwambia. "Ni ufundi tu."

Ila Jemutai alikuwa amekuja kwa nyuma ya banda, na kupitia tundu la bati alikuwa amemsikia Obiero akinong'ona, kwa ile lafudhi yake ya Ziwani, kama mwizi anayebisha mlango: "Kiprotich. Bwana Kiprotich, tafadhali." Hakumwambia kwamba amesikia. Alimwonea huruma.

Kilichomsumbua Jemutai zaidi kilikuwa joto. Julai ya Eldoret si mchezo. Ukungu hulala barabarani mpaka jua lipande, na chuma cha asubuhi hukata vidole. Lakini kila alipofungua banda na kuweka kiganja juu ya injini, ilikuwa na vuguvugu. Haikuwa na moto wa mashine iliyofanya kazi, ilikuwa na vuguvugu la mahali ambapo mtu amekuwa amekaa akainuka sasa hivi. Siku moja alijikuta ameiegemezea shavu. Akajishtukia, akajitukana, akachukua ufagio.

Alipoona anaanza kuwa mjinga, alipiga moyo konde akaenda mjini, ofisi ya kodi ya mapato, kutafuta ile namba. Kwenye dirisha alimkuta karani aliyeitwa Shitanda, mtu mpole mwenye tai nyembamba, ambaye alikuwa na mafua na aliandika huku amejifunika pua kwa leso.

"Umeolewa, Mama?"

"Nimeolewa."

"Unaishi na mume?"

"Naishi naye."

"Basi hiyo biashara, kwa sheria, ni yake. Mapato ya bibi anaishi na bwana yake yanahesabiwa kuwa ya bwana. Mwambie akuje na kipande chake cha kitambulisho, namba tutampatia yeye."

"Yuko safari."

"Atarudi lini?"

Jemutai akaitazama ile fomu. Shitanda akaishusha leso.

"Mama, mmetengana?"

"Kutengana ni kwa watu wamekosana. Sisi hatujakosana."

"Ama alifariki?"

"Bwana karani," Jemutai akasema, "hayo maneno usinitamkie."

Shitanda hakukasirika. Aligeuza fomu akamwonyesha kwa kalamu. "Mimi si mtu mbaya, Mama. Lakini hapa kuna mahali tatu pekee pa kuandika. Unaishi na yeye, ama mmetengana, ama wewe ni mjane. Kama ni mjane unaniletea barua ya chifu, na namba inakuwa yako mwenyewe. Lakini hii safari, hakuna mahali naweza kuiandika."

Alitoka hapo bila namba. Njiani alijiuliza kwa nini alisema anaishi naye, tena bila kufikiri, yeye ambaye hakuwa mwongo. Kilichomtisha ni kwamba alipolitazama lile jibu vizuri hakuona kama lilikuwa uongo mtupu.

Habari ya mashine ilienea, na watu wakaitia chumvi kama wanavyopenda. Wakasema inawajua waliokufa: ukimwita mfu inaitika, ukimwita aliye hai inanyamaza. Sasa, wakati ule kulikuwa na nyumba nyingi zenye mtu ambaye hajulikani aliko, na wenye nyumba hizo walianza kuja bandani. Walikuja na mahindi kidogo tu, kwa ajili ya kuficha aibu. Selpha Adero, mama wa kutoka Ziwani aliyeuza samaki wakavu sokoni, alikuja na gorogoro moja ya mahindi, kile kikopo cha kilo mbili. Mwanawe, Ogola, alikuwa askari wa ndege, na tangu zile fujo za themanini na mbili, wenzake walipojaribu kupindua serikali, hakuna aliyemwambia kama yuko jela au yuko wapi. Alingoja foleni iishe na mashine izimwe. Kisha akaisogelea, akapiga magoti kwenye unga, akamwomba Obiero azungushe.

"Ogola," akaita. "Ogola wa Adero."

Obiero alizungusha huku amefumba macho. Injini ilikaa kimya. Selpha akaita tena, na bado kimya. Basi yule mama aliinuka akapiga vigelegele kwamba mwanawe yu hai, akamkumbatia Jemutai akamchafua na unga wote wa magotini, akaenda zake barabarani akiruka kama msichana. Jemutai alimtazama mpaka akapotelea kwenye ukungu. Alimwonea wivu, na hilo nalo likamfanya ajichukie.

Jioni Senge alimkalisha chini.

"Jemutai, sisi tumefanya makosa," akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Mfu akishaitika, mtoto anapewa hilo jina siku hiyo hiyo, maneno inaisha, anaingia ndani anapumzika. Sisi tumemwita, ameitika, tukanyamaza. Kila asubuhi tunamwita tena. Unajua yuko wapi sasa? Yuko mlangoni. Amesimama huko nje na hii baridi."

"Hajakufa."

"Mimi nilimpenda huyo kijana. Lakini mtu hai haitikii hapo."

"Senge, ukisema tena hivyo utahama nyumba yangu."

Kikongwe akavuta ugoro wake. Lakini Jemutai hakulala vizuri, kwa sababu ya lile neno baridi.

Chifu wa hapo, Kipyego, alifika katikati ya juma na kofia yake na fimbo yake, watu wakaacha madebe wakasimama wima.

"Nimesikia hapa kuna mashine inaita baraza ya wafu," akasema. "Iko na kibali?"

Hakuna aliyecheka. Obiero akaanza kueleza habari za bomba na hewa. Chifu akamnyamazisha kwa fimbo, akasema anataka kuona kwa macho yake, na kwa vile alikuwa mtu aliyesoma, ataifanyia mtihani. "Ita jina la mtu hai," akaamuru. "Tuone kama itajibu. Ita langu."

"Chifu, hiyo haifanywi," Senge akasema. "Usijiitie."

"Ni amri."

Senge akamtazama kwa huruma, akageukia injini. "Kipyego," akaita. Obiero akazungusha hendeli. Watu waliokuwa kwenye foleni walirudi nyuma kidogo. Injini ikatoa mvumo mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kupiga chafya, na mvumo ule ukakaa, ukakaa, halafu ukafa bila kitu. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka Chifu chini ya kofia.

"Sasa ita lile lingine," akasema kwa sauti ndogo.

"Kiprotich."

Chafya tatu, ya mwisho yenye mkia. Banda likatikisika, unga ukamwagika kutoka kwenye mabati ukamwangukia Chifu mabegani, na yeye hata hakujipangusa. Senge aliona nafasi yake. Akamsogelea akampigia kelele sikioni, kushinda ngurumo, kwamba huyu mtoto wa chuma anahitaji barua kwa ajili ya ofisi ya kodi. Chifu aliiandika hapo hapo juu ya gunia la mahindi: kwamba mume wa mama huyu, kwa kadiri ilivyothibitishwa na wazee wa mahali, amefariki.

"Wakikuuliza imethibitishwa namna gani," akamwambia Jemutai, "waambie ni mila. Usiniletee maswali." Akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Jemutai aliishika ile barua kama anashika makaa. "Mmemuua," akamwambia Senge. "Mmeniulia mume na kalamu ya chifu." Akaikunja, akaifungia kwenye ncha ya leso, na hakwenda nayo popote. Siku zikapita. Kutoka Plateau ukaja ujumbe kwamba hospitali haiwezi kungoja zaidi. Mwezi ukiisha watatafuta msagaji mwingine mjini. Aliusikia akaendelea kufagia. Angeweza kufukuza umaskini kwa safari moja ya mjini na neno moja, na neno lenyewe lilikuwa halipiti kooni. Alijiambia kwamba akilisema, na kesho Kiprotich ateremke kutoka kwenye lori pale barabarani, amekonda, anacheka, atamtazama na macho gani?

Asubuhi moja, mwezi ukielekea kuisha, alifika bandani kabla ya wengine. Ukungu ulikuwa mzito hata barabara haikuonekana, na malori ya Malaba yalipita kama ngurumo zisizo na mwili. Alifungua mlango, akaweka kiganja juu ya injini. Vuguvugu. Akasimama hivyo kwa muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho kwa wiki zote zile hakuwa ametaka kukisema, kwa sababu kukisema ni kukubali kwamba kuna wa kuambiwa.

"Kiprotich, unaona baridi?"

Hendeli ilikuwa imening'inia kwenye msumari ukutani. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Gurudumu likasogea. Lilizunguka nusu, polepole sana, kama mtu mchovu anayegeuka kitandani. Injini ikapiga chafya moja ndogo, na gurudumu likasimama. Nywele zilimsimama Jemutai kichwani, miguu ikataka kukimbia, na bado kiganja kilikataa kuondoka pale juu ya chuma.

"Umechoka," akasema.

Alivaa sweta yake nzuri, akaenda mjini.

Shitanda alimkumbuka. Mafua yalikuwa yamemwisha. Aliisoma barua ya Chifu, akaisoma tena pale palipoandikwa wazee wa mahali, akamtazama, akaamua kutouliza. Akavuta fomu mpya.

"Biashara inaitwa nani, Mama?"

Jemutai alikuwa ameliandaa jina njia nzima: Maili Nne Posho Mill, jina safi, lisilo na mtu ndani yake. Akafungua mdomo.

"Kiprotich," akasema.

Shitanda akaliandika. "Kiprotich ni nani?"

"Ni bwana yangu."

Kalamu ikasimama. "Yule mnaishi naye?"

Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wakikohoa na kusukumana. Ukutani picha ya Rais ilikuwa inamtazama kila mtu. Jemutai alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Alijua kwamba akitoka hapa bila kusema, hatarudi tena maishani.

"Marehemu bwana yangu," akasema.

Neno lilitoka dogo kuliko alivyolitegemea. Halikuangusha jengo. Shitanda aliinamisha kichwa, akaandika palipostahili kuandikwa, akamwambia akangoje kwenye benchi. Alingoja. Baadaye aliitwa akapewa karatasi yenye muhuri, namba ikiwa juu na jina la Kiprotich limepigwa taipu chini yake, na Posho Mill ikafuata. Akaipitia kwa kidole. Hakuhisi chochote, na hilo lilimshangaza.

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu. Selpha Adero alikuwa wa kwanza, safari hii na debe zima, amekuja kusaga tu kama watu wengine. Jemutai alionyesha karatasi, wakaishangilia, na Senge akaishika juu chini akasema ni nzuri. Obiero akachukua hendeli akaipachika. Kama ilivyokuwa desturi sasa, kila mtu akanyamaza angoje jina. Jemutai akavuta pumzi.

Kabla hajatamka, Obiero akazungusha, injini ikashika. Haikukohoa wala kupiga chafya. Ilinguruma tu, sawasawa, kama mashine yoyote ya mtu yeyote.

"Si niliwaambia!" Obiero akapiga kelele kwa furaha. "Si niliwaambia ni hewa!"

"Zima," Jemutai akasema.

Akazima. Jemutai akaweka kiganja chake juu ya chuma. Kilikuwa baridi, baridi ya Julai, ya kukata vidole. "Washa tena." Obiero akazungusha mara moja, ikashika. Jemutai akaisogelea akaita jina, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, kisha kwa sauti yote aliyokuwa nayo, Kiprotich, Kiprotich, mpaka watu wakaanza kuinamisha macho. Mashine iliendelea kusaga. Haikupungua, haikuongezeka. Hakukuwa na mtu ndani yake.

Ndipo akakaa chini kwenye unga, akalia. Alilia kilio cha mtu aliyefiwa jana, kwa mdomo wazi, na kamasi, bila haya, na kilikuwa kilio cha miaka sita kwa sababu hakuwa amewahi kukilia hata siku moja. Selpha akalitua debe lake. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, Mama Jepkemboi," akasema. "Pole kwa kufiwa na bwana."

Jemutai akamtazama kama mtu aliyepewa maji. Nyuma ya Selpha wengine walikuwa wameanza kutua madebe yao na kujipanga upya, mmoja mmoja, mkono mbele, pole, Mama, pole sana, na kila mkono aliupokea na kila mtu alimwitikia. Walikuwa wengi, na ngurumo ilikuwa inazimeza sauti zao. Obiero aliona hivyo, akainama akaizima mashine, ili Mama asikie anavyopewa pole.